Tusivisifu Vitabu Bure

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya vitabu. Katika miezi michache iliyopita nimemaliza vitabu saba vya namna mbalimbali: hadithi ya upelelezi, hadithi ya mafumbo, habari za maisha ya mtu, riwaya mbili, mchezo wa kuigiza, na mashairi. Nataka kusema juu ya kila kimoja kilichonipendeza na kilichonichosha, bila kuficha.

Najua kuwa desturi yetu siyo hiyo. Mtu akiandika habari za kitabu cha Kiswahili, husema ni kizuri, kina mafunzo mengi, na kila mtu akinunue. Mwanafunzi hukinunua, au hukiazima, akafika ukurasa wa thelathini akaanza kupiga miayo. Tangu siku hiyo hamwamini tena yule aliyekisifu, na vitabu vingine havifungui. Sifa ya uwongo imemwibia vitabu vizuri ambavyo angalivipenda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kiswahili hapa Uganda si mgeni wa jana. Kilisemwa katika baraza ya Kabaka Mutesa wa Kwanza, katika karne ya kumi na tisa, wafanyabiashara wa pwani walipofika Buganda. Mwaka 2005 katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi siku ya tatu imekwisha kupita zamani. Na tukipe jembe, yaani tuvipime vitabu vyake kama tunavyovipima vya Kiingereza.

Jambo hili si dogo. Wako bado wazazi wengi hapa kwetu wasemao kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na ya wanyang'anyi. Amri ya serikali haitawageuza wazazi hao. Watageuka wakimwona mtoto wao amekaa na kitabu cha Kiswahili hata akasahau chakula. Lakini kama vijana watapewa vitabu kwa ajili ya mtihani tu, na kufundishwa kuvisifu kabla ya kuvisoma, watayatema yote siku ya pili baada ya mtihani. Kwa hiyo yafaa tuambiane kweli: kipi kianzwe, kipi kingoje, na kipi kisomwe kwa uvumilivu.

Naanza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu ameuawa, na maiti yake yaonekana penye mzimu unaoogopwa na watu. Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, waingia kazini kumtafuta aliyeua. Aliyesoma hadithi za Sherlock Holmes atamtambua Bwana Msa mara moja kuwa ni jamaa yake, lakini jamaa huyu amekulia Unguja, na maneno yake yana utani na adabu za huko. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba wenzake wakitaja mzimu, yeye hutafuta ushahidi. Katika nchi zetu, ambako kifo cha ghafula hutafutiwa mchawi kabla ya daktari, hilo ni somo kubwa, na mtungaji amelitoa pasipo kutuhubiria.

Ila yake ni kwamba watu wake wasema mno. Bwana Msa akishajua jambo hulizungusha na kulirudia, na maelezo ya mwisho ni marefu kuliko haja. Hata hivyo, mwanafunzi ambaye hajapata kumaliza kitabu kizima cha Kiswahili na aanze na hiki. Atakimaliza, maana atataka kujua nani aliyeua.

Juu ya Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951, nitasema kwa ufupi, ingawa najua kwamba kutaja ila ya mzee huyu ni kama kumcheka babu mbele ya wajukuu zake. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Karama ashtakiwa kwa kuwa ameanzisha mafunzo ya sheria, naye ajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini. Kila mjumbe aliondoka, akapata taabu, akaona mambo ya manufaa, akarudi, akafungwa. Mjumbe wa kwanza alinishika moyo. Mjumbe wa tatu nilijua habari zake kabla hajarudi. Tena watu wengi wana majina ya tabia, kama vile Majivuno, na mtu mwenye jina la tabia hawezi kutushangaza.

Lakini tukumbuke ni nani aliyeandika na wakati gani. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika. Karani huyo akatunga habari za nchi inayowafunga watu wake kwa kosa la kuleta habari njema kutoka nje. Alihitaji fumbo, na fumbo lake halijachakaa, maana nchi za namna hiyo hazijakwisha. Shauri langu ni kukisoma polepole, mjumbe mmoja kwa siku, kama mtu anywavyo dawa.

Sasa nafika kwenye vitabu viwili ambavyo naona visomwe pamoja, kimoja baada ya kingine, kwa kuwa vyote viwili vyaeleza safari za misafara ya pwani kwenda bara.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mfanyabiashara huyo aliyaeleza maisha yake uzeeni, baada ya kurudi Unguja, naye akafariki huko mwaka 1905. East African Literature Bureau ilikitoa kitabu hicho mwaka 1966 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Humo mna Manyema na nchi za mto Lualaba, mna kukutana kwake na Stanley mwaka 1876, na mna habari za mwaka 1887, alipokubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani.

Kwa lugha, kitabu hiki nakiweka mbele ya vyote saba. Hakuna pambo. Tulikwenda, tukafika, tukapigana, tukapata pembe frasila kadha. Mwanafunzi anayedhani kwamba insha nzuri ni ile yenye maneno makubwa na akisome, aone jinsi maneno madogo yanavyokwenda mbio. Mna na vichekesho. Huko Utetera alimdanganya mzee Kasongo Rushie kwamba wao ni jamaa, kwa kuwa nyanya yake alikuwa binti wa ukoo ule aliyetekwa zamani. Mzee akafurahi, akamwachia nchi. Tippu Tip aieleza hila hiyo kama mtu anayesimulia alivyonunua mbuzi kwa bei nafuu.

Hapo ndipo furaha yangu ilipokoma. Mtu huyu alifanya biashara ya pembe na ya wanadamu, na katika kitabu chake sikuona majuto. Vijiji vyachomwa katika sentensi moja, na sentensi inayofuata yahesabu frasila. Utajua bei ya pembe, utajua nani alimdai nani, lakini hutajua mpagazi hata mmoja alilala akiwaza nini. Wako walimu watakaosema kitabu cha namna hii kisiwe mikononi mwa vijana. Mimi nasema kiwe, maana Kiswahili kinachosemwa leo Kasongo, Kindu na Kisangani kilifuata njia ya misafara hiyo. Hatuwezi kuikana njia hiyo, wala hatuna haja ya kuisifu. Yafaa tuijue.

Lakini aliyekisoma na asiishie hapo. Afungue mara Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Mtungaji huyu alizaliwa Unguja mwaka 1948, lakini huandika kwa Kiingereza. Kitabu kilitolewa Uingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwaka 2021 Gurnah akapewa zawadi ya Nobel, na mwaka 2022 ndipo Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipokitoa kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28 hadithi ya watu wa pwani ilikuwa ikisomwa na wageni kabla wenyewe hawajaipata kwa lugha yao. Namshukuru sana mfasiri, lakini kukawia huko si sifa kwetu.

Ni hadithi ya kijana Yusuf, ambaye baba yake amtoa kwa tajiri Aziz awe rehani ya deni. Mtoto adhani anakwenda kutembea kwa mtu wa jamaa. Baadaye achukuliwa katika msafara wa kwenda bara, aone njaa, maradhi, hongo, na sultani Chatu anayewanyang'anya mali yao. Huu ni msafara ule ule wa Tippu Tip, ila sasa twauona kwa macho ya asiye na kitu ndani yake, ambaye yeye mwenyewe ni sehemu ya hesabu. Yale aliyoyanyamazia mwenye pembe, mtoto wa rehani ayasema. Nilivyovisoma vitabu hivi kimoja nyuma ya kingine, niliona kama nasikiliza shauri barazani, mshtakiwa amekwisha kusema, na shahidi ndiyo kwanza asimama.

Ila nilizoziona ni mbili. Mambo ya bibi wa nyumba, mke wa Aziz, yaja karibu na mwisho na kwa haraka, nami nilitaka kumjua zaidi mama yule. Tena mwisho wenyewe ni mkali: Yusuf awakimbilia askari wa Wajerumani, na kitabu chafungwa pale pale. Wengi watakasirika. Mimi pia nilikasirika, kisha nikaona kwamba mtu ambaye maisha yake hayajapata kuwa mali yake, siku akipewa kuchagua huenda akachagua bwana mwingine tu. Jambo hilo ni chungu, na mtungaji hakulitia sukari.

Riwaya ya pili yatoka karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya ziwa letu hili la Viktoria, katika kisiwa cha Ukerewe. Nayo ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aniceti Kitereza alimaliza kuiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Kwa miaka 35 mzee huyu alikuwa na kazi yake mkononi bila mpiga chapa.

Nasema wazi kwamba kitabu hiki kitamchosha mtu mwenye haraka. Kina kurasa zaidi ya mia sita, na hakikimbii hata mara moja. Mtu akimtembelea mwenziwe, utasikia salamu zote mpaka ya mwisho. Wakipika pombe ya ndizi, utaipika nao tangu kukata mkungu mpaka kunywa. Mara nyingi kilinilaza kabla ya wakati wa kulala. Mtungaji alitaka mila za Wakerewe zisipotee, na kwa ajili hiyo aliiacha hadithi ingoje mlangoni mpaka amalize kutuonyesha jembe, mtumbwi na dawa.

Pamoja na hayo, kama ningeambiwa nichague kitabu kimoja cha kumpa kijana wa Uganda anayesema Kiswahili ni cha watu wa mbali, ningempa hiki. Mtu wa Buganda au wa Busoga ataijua pombe hiyo kwa harufu. Ugomvi wake waujua pia: mume na mke hawana mtoto, watu wanasengenya, na wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Myombekere angaliweza kuoa mwingine. Badala yake amfuata mkewe ukweni, avumilia maneno, atozwa pombe, na arudi naye nyumbani. Baadaye wapata dawa, na watoto wawili. Sijaona katika vitabu hivi vingine mume aliyempenda mkewe kwa matendo mengi hivi na maneno machache hivi. Asiyeweza kurasa mia sita na asome mpaka Bugonoka arudi kwa mumewe, kisha apumzike. Nadhani atarudi mwenyewe.

Katika michezo nimesoma Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotolewa mwaka 1969. Habari zake ni za vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani kuanzia mwaka 1905 mpaka 1907. Kinjeketile wa Ngarambe ndiye aliyewapa watu maji na kuwaambia risasi haitawadhuru. Wajerumani walimnyonga mwaka 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mtungaji angaliweza kumfanya shujaa mtupu, au mwongo mtupu. Amemfanya mtu aliyesema neno, neno likamshinda nguvu. Maji yameunganisha makabila yaliyokuwa yakichukiana, nayo maji hayo hayo yatawaua. Mwisho atakiwa aseme kwamba yalikuwa uwongo, naye akataa, asije akawavunja moyo wanaopigana. Je, alifanya vyema? Mwalimu yeyote akiliuliza darasa swali hili, kengele italia kabla hawajapatana.

Nina lalamiko moja. Mchezo waanza na wanawake wawili wakizungumza juu ya njaa, na katika maneno yao machache twaiona dhuluma yote ya Wajerumani. Kisha wanaume waingia na mashauri ya vita, na wanawake hao wawekwa kando. Laiti wangalirudi kutuambia maji hayo yaliwagharimu nini.

Namalizia na mashairi, nayo ni Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotolewa mwaka 1974. Mtungaji huyu naye ni mtu wa Ukerewe, alizaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Aliacha vina na mizani, na washairi wengi wa desturi wakasema hayo si mashairi hata kidogo. Maoni yangu ni haya. Katika Kichomi yako mashairi mafupi yaliyonichoma kweli kama jina la kitabu, na vina visingeyaongeza kitu. Yako na mengine ambayo nimeyasoma mara tatu nikaona sentensi tu, zimekatwa vipande kama muhogo. Shairi la zamani laweza kuimbwa hata na asiyejua kusoma, na hiyo ni nguvu kubwa ambayo haya mapya hayana. Lakini mtu anayelia peke yake chumbani hahesabu mizani. Wanafunzi wanaotunga wasiache vina kwa uvivu. Na waviache siku watakapokuwa wameviweza.

Bwana Mhariri, haya ni maoni yangu, wala sisemi kwamba kila msomaji ayakubali. Yuko atakayesema nimemwonea Shaaban Robert, na mwingine kwamba nimempendelea mzee Kitereza kwa kuwa ni jirani. Abishaye na aandike, lakini asome kwanza.

Tena nina shauri moja kwa wanafunzi. Katika maktaba ya shule liwekwe daftari, na kila amalizaye kitabu cha Kiswahili aandike humo mambo matatu: kitabu chahusu nini, kilimpendeza wapi, na kilimchosha wapi. Asiandike neno "kizuri" bila kusema kwa nini. Na sisi tuliokwisha kuondoka shuleni, kila mmoja na alete kitabu kimoja katika rafu hiyo, chenye ukurasa uliokunjwa mahali alipocheka au alipokasirika. Daftari hilo likijaa, mtoto wa Kidato cha Kwanza atapata mahali pa kuuliza kabla ya kuchagua, na atajibiwa na wenzake waliosoma kweli.

Wasalaam.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Zamani